Uyoga kwenye Kabati la Chipu

Skirmantė aliiweka bodi ya ruta, kile kisanduku cha kusambazia intaneti, chini ya kioo cha kukuzia, akaigeuza taratibu mpaka mwanga ukaipiga ubavuni. Chipu kubwa ya katikati ilikuwa imeota kitambi, na pembeni mwake palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Akaitupia kwenye sanduku la mbovu na kuchukua nyingine. Nayo vivyo hivyo.

Tangu Jumatatu alikuwa akiondoa sababu moja baada ya nyingine. Alipima joto la tanuri, akalikuta sawa. Alibadilisha uji wa risasi unaoshikiza vipande kwenye bodi, asione tofauti. Mashine ya kupachika aliisafisha pua zote. Bosi wao, Vaidotas, hakufoka, na upole huo ndio uliomtia hofu. Alisema tu kwamba ruta za maktaba za vijijini zisipokuwa tayari Ijumaa, kazi itahamia kiwanda kingine, cha mji wa Kaunas, na mstari huu wa kuundia bodi aliokabidhiwa Skirmantė utafungwa pamoja na ajira zake.

"Ukizidi kuikodolea macho hiyo bodi itaomba likizo," alisema Shangazi Genovaitė, akipita na sinia la vipande. Yeye ndiye aliyemfundisha Skirmantė kushika kibanio bila mkono kutetemeka.

Kitambi kile kilimrudisha kwenye jambo moja. Chipu hunywa unyevu wa hewani. Ikiingia tanurini na maji tumboni, maji hugeuka mvuke na kuipasua. Ndiyo maana masinia ya chipu hulazwa kwenye kabati la kukaushia. Kila asubuhi kipimo cha kabati kilionyesha ukavu mzuri, kwa hiyo hakuna aliyelishuku. Safari hii akalifungua mwenyewe. Lilinukia msitu wa misonobari baada ya mvua. Rafu ya chini, nyuma ya masinia, palikuwa na kipande cha uyoga kilichojikunja.

Hakuhitaji kuuliza ni wa nani. Septemba mji mzima uko msituni kuokota uyoga, lakini mwenye kubaki na ufunguo wa kabati alikuwa mmoja. Angeweza kusema kabati limeharibika, na yangeishia hapo. Ila msitu ulikuwa bado haujakauka, na uyoga mwingine ungeingia kabatini.

Akamwita Genovaitė pembeni. "Shangazi, uyoga wako mwaka huu umeukaushia wapi?"

Genovaitė alikitazama kile kipande, kisha sanduku la mbovu. Rangi ikamtoka.

"Nauweka jioni, nautoa asubuhi," alisema polepole. "Huko ghorofani nilikohamia sina jiko la matofali. Nikajiambia, kabati la kukaushia si ni la kukaushia?"

"Usiku uyoga unatoa maji, chipu zinayanywa. Asubuhi kipimo kinakuta hewa imeshakauka."

"Kumbe nimezilewesha mimi."

Skirmantė alicheka bila kutaka. Genovaitė hakucheka, alivua glavu na kusema anakwenda kwa Vaidotas, ajisemee mwenyewe.

"Subiri kidogo. Ukimpelekea kosa tupu, atabaki na kosa tu. Tumpelekee na dawa."

Stoo walipata mfuko mmoja wa chipu ambao haujafunguliwa. Wakapachika bodi chache na kuzipitisha tanurini. Zilitoka na matumbo bapa, na zilipowashwa taa zake za kijani zikawaka mpaka ya mwisho. Ndipo wakaenda.

Genovaitė alieleza yote bila kujitetea. Vaidotas aliuliza ni uyoga gani, akaambiwa, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeujua msitu ule. Kisha akataka kujua kama chipu zilizobaki zinaokoka. Skirmantė alisema zile ambazo hazijaonja tanuri bado ni nzima; zikiokwa kwa joto dogo hadi kesho Ijumaa mchana, unyevu utatoka. Bosi akampigia dereva wa lori aje Ijumaa jioni badala ya asubuhi. Ufunguo wa kabati, alisema, uhamie kwa Skirmantė. Genovaitė arudi kazini.

Walipanga masinia kwenye joko dogo la joto la chini, moja moja, wakiacha nafasi ya hewa kupita. Genovaitė alisugua rafu za kabati mpaka harufu ikabaki ya sabuni, halafu akauliza kama kesho aje mapema.

"Njoo saa zako za kawaida. Mchana ndipo nitakapoihitaji mikono yako."

Bodi tupu za kesho walizipanga mdomoni mwa mashine ya kupachika, wakazifunika kwa plastiki, wakaenda kuvaa makoti ya kurudi nyumbani.