Mashati Yanayorudi kwa Fundi

Kila Ijumaa saa nne, kengele ya chai ikilia, mashati mabovu yalishuka kwenye rafu na kutembea kwa mikono hadi meza ya fundi aliyeyashona. Mafundi waliyapisha, kila mmoja akishika kikombe chake yasije yakamwaga chai.

Ijumaa hiyo yalirudi kumi. Sita yalipanda meza ya fundi waliyemwita Kimya. Manne yakaenda kwa binti wa dada yake msimamizi.

“Sita kwa manne,” msimamizi akasema. “Kimya, Jumatatu unahamia vifungoni. Mashine ya umeme ataichukua mwenzako.”

Kimya alikuwa na mashine ile miaka mitatu. Hata kikohozi chake alikijua.

“Lakini bosi, mimi nimeshona themanini. Yeye ishirini.”

“Sijauliza umeshona mangapi. Nimeuliza mabovu ni ya nani.”

“Ukishika shati langu lolote, ni shida kukuta bovu. Ukishika la kwake, katika kila matano, moja.”

“Kweli, mjomba,” binti akasema huku akila karanga. “La tano huwa linanishinda kola.”

“Wewe nyamaza, nakutetea.”

Hapo mashati mazima nayo yakashuka. Sabini na manne yakapanga foleni nyuma ya Kimya mpaka nje ya mlango. Kumi na sita yakasimama nyuma ya binti. Msimamizi akayaomba yasogee kidogo, yalikuwa yanamzibia saa ya ukutani.

“Sita ni mengi kuliko manne,” akasema, akaenda zake.

Jumatatu Kimya akahamia chumba cha vifungo. Hakikuwa na dirisha, ila mashati machache yaliyomfuata yalimshikia taa kwa zamu, na moja lilikuwa hodari wa kutunga uzi kwenye sindano.

Wiki hiyo, kwa mashine mpya, binti alishona mashati arobaini. Ijumaa manane yakarudi, kola upande.

Msimamizi akayageuza moja moja, kisha akaingia chumba cha vifungo.

“Kimya, haya yote manane yamepita mikononi mwako.”

“Yote arobaini yamepita, bosi.”

“Nazungumzia mabovu.”

Nyuma yake, mashati thelathini na mawili mazima yalikuwa yamesimama wima, yamefungwa vifungo mpaka juu. Hakugeuka. Kimya akacheka kimoyomoyo, akalipungia mkono lile la mbele. Nalo likampungia.