Boya Jekundu la Mlangoni

Ami Prošper aliondoka kisiwani kwetu angali mdogo, hata kuogelea hajajua. Kiangazi hiki alirudi na mvi zake, baada ya kuendesha mashua za samaki Kalifonia maisha yake yote. Ombi lake lilikuwa moja tu: aiingize mwenyewe bandarini mashua ya marehemu baba yangu, watu wakimwona.

Na watu walikuwepo. Jumapili baada ya misa gati letu hujaa, na kila mtu ana la kusema. Shangazi Vinka, dada yake, alishanionya asubuhi: "Huyo ni Mmarekani sasa. Mpe kiti, usimpe usukani."

Bahari ilikuwa shwari. Nikampa usukani, nikaketi mbele na kapu langu la tini. Mlangoni mwa bandari pana boya moja jekundu linaloonya kuhusu mwamba. Ami akaelekea upande wa mwamba, boya likiwa kulia kwake.

"Ami, unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Ukirudi bandarini, jekundu kulia. We Dinka mwanangu, unanifundisha kazi?"

Baba aliiunda mashua ile kwa mikono yake, na chini yetu mwamba ulishaanza kuonekana.

"Hiyo ni kanuni ya kule Marekani, ami! Kwetu ukirudi jekundu ni kushoto. Rudi nyuma, tafadhali!"

Alirudisha mashua nyuma polepole hadi maji yakawa ya buluu tena. Kisha akauachia usukani.

"Kule wananiita Mkroati," alisema. "Hapa hata boya halinijui. Shika wewe."

Nilimwonea huruma hadi nikakasirika.

"Sishiki! Umetusumbua kwa simu tangu Pasaka unataka kuingia. Basi ingia!"

Akacheka kidogo, akajifuta macho, akageuza. Safari hii boya lilipita kushoto, karibu sana, akaligonga kwa kiganja kama anayemsalimu jirani.

Gatini shangazi alidaka kamba aliyorusha ami, macho makali.

"Mbona mlikuja mkarudi? Alipotea, siyo?"

Ami alifungua mdomo. Nikamwahi.

"Alitaka kuingia mara mbili, shangazi. Mara moja isingemtosha."

Shangazi alitazama upande wa mwamba, kisha akamtazama kaka yake, muda mrefu.

"Mjinga mmoja wewe," alisema, akamrudishia kamba. "Haya, funga mwenyewe. Supu inapoa."