Marais Wawili Gizani

Wenzake wa kundi la maigizo walimwita Mheshimiwa. Tangu nywele zianze kumtoka hakupewa tena nafasi yoyote jukwaani isipokuwa ya rais, waziri au jenerali, na jina likamganda hadi muuza magazeti wa kona akawa analitumia. Mkewe alikwishafariki. Nyumbani walibaki wawili, yeye na binti yake, na kwa kuwa binti alipewa jina la bibi yake mzaa baba, Mheshimiwa hakuthubutu kulitaja ovyo. Alimwita mama. Binti huyo ndiye aliyekuwa fundi wa taa wa ukumbi.

Mwaka ule walikuwa na mchezo mmoja uliopendwa sana. Uliandikwa na kiongozi wa kundi, mwalimu mstaafu ambaye hata wakubwa zake walimwita Mwalimu tu. Marais wawili wa nchi zinazopigana wanafungiwa katika chumba chenye meza moja, na mpatanishi anawaambia hawatoki mpaka waelewane. Mheshimiwa alikuwa rais mmoja. Rais wa pili alikuwa Shangazi, mwigizaji wa siku nyingi aliyeitwa hivyo na kundi zima ingawa hakuwa na undugu na mtu yeyote pale. Watu walicheka, walilia kidogo, wakaenda zao nyumbani.

Kisha mambo ya kweli yakawafuata. Nchi mbili jirani zilizokuwa zikiuana kwa miaka zilikubali kukutana, na mji uliochaguliwa ulikuwa mji wao, kwa kuwa haukuwa wa upande wowote. Viongozi wakafika na misafara yao, barabara zikafungwa, na siku ya pili ya mazungumzo afisa mmoja wa wizara akaingia ukumbini wakati wa mazoezi.

"Wageni wataangalia mchezo wenu kesho saa tisa alasiri," alisema. "Waziri aliuona, akaupenda. Anaona labda utawalainisha."

"Na usipowalainisha?" Mwalimu aliuliza.

Afisa alimtazama kama mtu aliyesikia lugha ngeni. "Kesho saa tisa," alirudia.

Nyuma yake aliingia mtu wa usalama. Alivaa suti ya kijivu na aliongea kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na mgonjwa. Aliichukua bastola ya mbao waliyokuwa wakiitumia katika onyesho la kwanza, akaigeuza mkononi, akaitia mfukoni. Alikataza mlio wowote wa ghafla. Alikataza mtu kusimama kwa haraka. Madirisha yote yafungwe kwa mapazia mazito, milango ikomewe, na mtu yeyote asiyekuwa na kazi ndani ya ukumbi atolewe nje ya uzio, pamoja na mzee wa jenereta.

Halafu akainua macho kwenye kibanda cha taa, kule juu nyuma ya viti, penye ngazi nyembamba ya mbao. "Nani anakaa pale?"

"Mimi," alisema binti.

"Wageni hawa walinzi wao wana silaha, na hawaaminiani. Taa zisizimwe hata mara moja. Hata kati ya maonyesho."

"Sawa. Na umeme ukikatika?"

"Usikatike."

"Umeme si wangu, mzee. Na huyo wa jenereta mmeshamtoa."

Mtu wa suti ya kijivu hakupandisha sauti. "Taa zikizimika, nitakuuliza wewe."

Mheshimiwa alikuwa amesimama jukwaani na karatasi zake. Alisikia maneno yale, na kuanzia hapo mazoezi yalimshinda. Kila alipofungua mdomo alijikuta ameangalia juu.

Kesho yake asubuhi walikunywa chai. Binti alikuwa ameshavaa suruali yake ya kazi.

"Sema unaumwa," Mheshimiwa alimwambia.

"Nikisema naumwa leo, wataniuliza kwa nini nimeumwa leo."

"Basi niumwe mimi."

"Baba, rais haumwi kienyeji. Lazima kwanza itangazwe."

Alijaribu kucheka, lakini kikombe kiligonga kisahani mkononi mwake, na binti akakiona. Akanyoosha mkono, akakishika kile kikombe mpaka kikatulia. "Mchezo ni wa muda wa saa moja na nusu tu," alisema. "Tutarudi, tutakula, utalala usingizi wako wa kukoroma."

Wageni waliingia kwa milango miwili tofauti. Ujumbe mmoja ulikaa kushoto, mwingine kulia, na katikati ikaachwa njia pana ambayo hakuna aliyeikanyaga. Kiongozi wa upande mmoja alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa ya mkulima. Wa upande wa pili alikuwa mfupi, na hakuacha kupangusa miwani yake. Walinzi wao walijipanga mistari kwenye kuta, na hakuna hata mmoja aliyeangalia jukwaa. Waliangaliana wao kwa wao, toka ukuta hadi ukuta, juu ya vichwa vya wakubwa zao. Kule juu kibandani, karibu na binti, alikaa askari mnene aliyewekwa kumlinda, au kumchunga. Haikueleweka.

Mchezo ulianza. Mwanzoni palikuwa na utani kuhusu rais anayeogopa kunywa maji ya mwenzake, utani ambao haukuwahi kukosa kicheko. Siku hiyo Shangazi aliutoa vizuri kuliko siku zote, na ukumbi mzima ukanyamaza. Mtu mmoja alikohoa. Mheshimiwa aliona jasho likimchuruzika Shangazi shingoni, akajua na yeye linamtoka vilevile.

Waliendelea. Mpatanishi alitoka jukwaani, akawaacha peke yao mezani. Mheshimiwa alikuwa ndiyo kwanza anaanza hotuba yake ndefu, ile ya kuwataja waliokufa, wakati nje ya ukumbi kitu kilipopasuka kwa mshindo, na taa zote zikazimika.

Hakuna giza linalotisha kama la mchana, pale unapojua jua liko nje na wewe huna hata chembe yake. Viti vilikwaruza. Mtu aliamrisha kitu kwa sauti kali. Kisha, kutoka kushoto na kutoka kulia, karibu kwa pamoja, Mheshimiwa alisikia milio ya chuma, mingi, midogo, na hakuhitaji kuambiwa kwamba ni bunduki zinakokiwa.

"Asitikisike mtu!" ilisema sauti ya upande mmoja.

"Wewe ndiye usitikisike," ikajibu ya upande wa pili.

Halafu akasikia viatu. Viatu vizito, vinapanda ngazi ya mbao kule nyuma. Alizijua zile ngazi; alijua ya tatu na ya tano zinalia. Ikalia ya tatu.

Alitaka kuita jina la binti yake, lakini alifikiri: nikipiga kelele, mtu atafyatua, na akifyatua mmoja wamefyatua wote. Alibaki ameshika ukingo wa meza kama mtu aliyetupwa majini.

Ndipo Shangazi alipoongea. Hakuongea kama Shangazi. Aliongea kwa sauti ya rais, ileile ya mchezo, taratibu, kama kwamba giza limeandikwa kwenye karatasi.

"Mheshimiwa," alisema, "umeme umekatika. Kwangu hukatika kila wiki. Nilidhani kwenu mna umeme wa uhakika."

Viatu vilisimama kidogo, kisha vikaendelea.

Chini ya meza mguu wa Shangazi ulimpiga teke. Mheshimiwa akavuta pumzi, na sauti aliyodhani imekufa ikatoka.

"Kwetu hukatika kila siku," alisema. "Ila raia wangu nimewaambia ni nyinyi mnaoukata."

Mahali fulani kwenye viti vya kulia mtu alitoa mlio puani. Haukuwa kicheko, lakini ulikuwa jirani yake.

"Na mimi nimewaambia wangu ni nyinyi," Shangazi alisema. "Sasa tufanyeje? Siwaoni walinzi wako. Wewe huwaoni wangu. Naogopa, Mheshimiwa. Nakwambia kweli, naogopa sana."

Maneno hayo hayakuwa kwenye mchezo, na sauti yake ilipotetemeka haikuwa ya kuigiza. Ukumbi mzima ulimsikia.

"Na mimi naogopa," alisema Mheshimiwa. "Nimeweka mikono mezani. Gusa uone." Mkono wa Shangazi ukamtafuta gizani, ukaupata wake, ilikuwa baridi yote miwili. "Nina neno jingine. Nina mtoto mmoja tu, na yuko humu ndani. Yuko juu pale, ni fundi wa taa. Hakuzima yeye. Mikono yake haina kitu. Namwomba yeyote aliyeko kwenye ngazi asimame hapo alipo. Siamuru. Naomba kama mzazi."

Hakujua tena kama ni rais anayesema au ni yeye. Alisubiri ngazi ya tano ilie. Haikulia.

Kisha kutoka kwenye viti ikasikika sauti ya mtu mzima, ya uchovu, isiyo na haraka. "Shusheni."

Bunduki hazikushuka.

"Nimesema shusheni. Nimesimama katikati yenu. Mnataka kunipiga mimi?"

Na kutoka upande wa pili, sauti nyingine: "Na nyinyi pia. Shusheni. Ufunguliwe mlango mmoja."

Mlango wa pembeni ulifunguliwa, na jua la alasiri likaanguka sakafuni hadi miguuni mwa walinzi. Walionekana jinsi walivyo, vijana wengi wao, nyuso zimelowa, bunduki zimeelekea chini lakini vidole bado viko pale pale. Mzee mkavu alikuwa amesimama katikati ya ile njia ambayo hakuna aliyeikanyaga. Yule wa miwani alikuwa amekaa, miwani mkononi, akiangalia jukwaa bila kuona.

Mheshimiwa aliangalia juu. Askari mnene alikuwa amemkaba binti shingo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameshika bastola nyuma ya sikio lake. Kwenye ngazi ya nne alikuwa amesimama yule mtu wa suti ya kijivu.

"Mwachie," alisema mtu wa suti ya kijivu, kwa sauti yake ileile ya chini.

Mchezo haukumalizika. Wageni walitoka kila mmoja kwa mlango wake, na hakuna aliyepiga makofi. Waigizaji waliwekwa chumba cha mavazi wakahojiwa mmoja mmoja. Binti alihojiwa mwisho na kwa muda mrefu kuliko wote, na muda wote huo Mheshimiwa alikaa kwenye sanduku la nguo, bado amevaa suti ya urais, huku Shangazi akimshika bega na kutapika kwenye ndoo kwa zamu. Mwishowe ilikuja habari kwamba transfoma ya mtaa ndiyo iliyolipuka, na nusu ya mji haikuwa na umeme. Wakaambiwa waende nyumbani na wasisimulie.

Baba na binti waliondoka kwa miguu, barabara bado zikiwa zimefungwa. Jua lilikuwa halijazama. Walipofika karibu na duka la dawa, binti alisimama.

"Baba, ulisema mikono yangu haina kitu."

"Nilisema."

"Nilikuwa na bisibisi. Taa zilipozimika niliishika nifungue kifuniko cha fyuzi. Yule askari aliipapasa gizani, akanikaba, akawa anauliza hiki nini, hiki nini. Ulipoanza kuongea aliacha kuuliza, akawa anasikiliza. Nikaiteremsha polepole kwenye soksi."

Mheshimiwa alikaa kwenye ngazi za duka la dawa. Hakuanguka, alikaa tu, kama mzigo ulioshushwa. Mwenye duka alitoka kumuuliza kama anaumwa, na binti akasema hapana, ni mwigizaji, amechoka na kazi. Walikaa pale hadi jua likazama.

Mazungumzo ya wakubwa yaliendelea hotelini kwa wiki mbili zaidi, yakavunjika, yakarudiwa mahali pengine. Mwezi uliofuata redio ilitangaza kwamba wamekubaliana kusitisha mapigano. Sehemu nyingine yalisitishwa kweli, sehemu nyingine watu waliendelea kufa. Kundi halikuulizwa chochote na halikushukuriwa. Mwalimu aliuweka mchezo ule kabatini na kuandika mwingine kuhusu harusi, ambamo Mheshimiwa, kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, alikuwa mshenga.

Shangazi hakurudi jukwaani. Alisema ameshaigiza vya kutosha, na alipobembelezwa alitikisa kichwa tu. Binti alirudi kibandani mazoezi ya harusi yalipoanza. Siku ya kwanza alipanda ngazi zile, akafika ya nne, akasimama. Baba yake, aliyekuwa jukwaani anapanga viti vya harusi, alimwona. Aliacha viti, akaenda akasimama chini ya ngazi, na binti akamalizia kupanda.