Majina ya Ngumbo

Kwi. Kwi. Kitanda cha mbao kililia gizani. Vitalia alikuwa anajigeuza. Mama yake, Tadea, aliusikia mlio huo na mingine yote iliyoutangulia, maana hakuwa amefumba jicho. Ilikuwa alfajiri ya Alhamisi, baridi ya Mbinga ikipenya chini ya mlango, na siku hiyo madaktari wa macho walikuwa wanamaliza kazi. Kesho wanaondoka. Kurudi ni mwakani.

Wagonjwa kumi na saba wa Ngumbo, kule chini ziwani, hawakuletwa. Jana walikaa barabarani tangu asubuhi na vifurushi vyao, gari lisije. Majina yao hayakuwa kwenye orodha ya Wilaya ya Nyasa, na lawama yote ilimwangukia Sixbert, karani wa mradi wa macho kule Ngumbo.

"Mvivu mkubwa huyo," Mzee Ildefonsi, mratibu wa mradi, alisema jana mbele ya ofisi nzima. "Chiwanda, jirani zake, wametuma majina kwa karatasi, yamefika, tukayaingiza wenyewe kwenye orodha. Yeye kapewa simu na programu, anashindwa!"

Sixbert alibishana kwenye simu mpaka sauti ikamkauka. Ametuma, wiki tatu zilizopita.

Tadea alijua ni kweli.

Programu aliiandika yeye, matunda ya masomo yake ya jioni. Kanzidata ilikuwa moja, ndani yake skima mbili, kama vyumba viwili vya nyumba moja: mbinga na nyasa, kila kimoja na jedwali lake la wagonjwa. Kulikuwa na faili la kuoanisha, linaloiambia programu kwamba mgonjwa aandikwe kwenye jedwali lipi. Humo alitakiwa ataje jedwali tu. Jina la skima lilitakiwa likae mahali pamoja, kwenye faili la usanidi, yaani mipangilio, la kila wilaya, ili programu ileile ifanye kazi kote. Mwalimu Joakim alilisema hilo darasani mpaka wanafunzi wakawa wanamwigiza. Lakini siku ya kuandika faili la kuoanisha Vitalia alikuwa na homa, amelala mapajani, na Tadea aliandika kwa mkono mmoja, skima palepale kando ya jedwali: mbinga. Hakufikiri hata kidogo. Alizaliwa Ngumbo wakati ufuko wote ule ungali Wilaya ya Mbinga, na madaftari yake yote ya shule ya msingi yaliandikwa Mbinga juu. Mpaka leo ukiwauliza wazee wa kule wilaya yao, wengine watakujibu Mbinga.

Basi majina ya Ngumbo yakaenda kukaa Mbinga, ambako hakuna aliyeyaona, kwa kuwa orodha ya Mbinga ilichapwa kwa kata za Mbinga peke yake.

Aligundua jana saa sita mchana. Alifuta neno lile moja, akaliweka jina la skima kwenye usanidi, akayahamisha majina yote kumi na saba. Dakika ishirini tu. La tisa lilikuwa la Bibi Rosina, aliyekuwa akimpa usipa, dagaa wa ziwani, wa kukaanga kila alipotoka shule. Ikabaki kusema, na hapo ulimi ukawa mzito. Alikuwa bado kwenye miezi mitatu ya majaribio ya kazi. Akaenda mlangoni kwa mratibu na kusema, "Mzee, majina ya Ngumbo yameonekana."

Yameonekana! Kama mbuzi aliyekata kamba.

"Ndiyo kwanza anatuma?" Mzee Ildefonsi aliuliza. "Sitapeleka gari kwa uzembe wa mtu. Na wiki ijayo atafute kazi nyingine."

"Sawa, mzee."

"Sawa" hiyo ndiyo iliyomkosesha usingizi.

Kulipokucha alimnawisha Vitalia uso, akamshika mkono wakaenda wote, kwa kuwa darasa la awali lilikuwa limefunga. Mzee Ildefonsi alikuwa uani, akimwangalia dereva Hamphrey akifuta vioo vya gari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Naona leo umekuja na msaidizi."

"Mzee, Sixbert hana kosa. Kosa ni langu."

"Kosa lipi?"

"Majina aliyatuma. Programu yangu ndiyo iliyoyapeleka Mbinga. Niliandika Mbinga mahali ambapo sikutakiwa kuandika wilaya yoyote. Na jana nilijua, nikanyamaza."

"Jana saa ngapi?"

"Saa sita."

Mzee alivua miwani. "Saa sita gari lilikuwa limesimama hapahapa, Tadea. Hamphrey alikuwa anakula mihogo."

Hakufoka. Afadhali angefoka. Aligeuka tu na kuita, "Hamphrey! Ngumbo, sasa hivi. Na usisimame Mbamba Bay kununua samaki."

"Mimi samaki nanunulia nani, mzee?"

"Nenda!" Kisha akamwambia Tadea, "Huyo kijana mpigie mwenyewe. Hapa mbele yangu."

Sixbert alipokea haraka. "Dada Tadea. Matusi yamebaki mengine?"

Akamweleza. Upande wa pili jogoo akawika.

"Jana Bibi Rosina kaniuliza kama majina nimeyala," Sixbert alisema. "Watu wazima wamenizomea, dada. Mama yangu anasikia."

"Nisamehe, kaka."

"Hayo baadaye. Watu wametawanyika. Ngoja niazime pikipiki nizunguke."

Madaktari walikubali kusubiri mpaka jioni. Mzee Ildefonsi alisema habari ya mkataba wa Tadea wataiongea Jumatatu, akaingia ndani. Tadea alishinda akifungua faili za kuoanisha moja baada ya nyingine. Kwenye faili la dawa akalikuta tena, mbinga. Kwenye la miwani pia. Akayaondoa, akaandikisha mgonjwa wa majaribio kutoka upande wa Nyasa, akahakikisha ametua Nyasa. Alirudia mara nne. Vitalia alichora chini ya meza, akachoka, akalala, akaamka.

Saa kumi na nusu gari likaingia, jekundu kwa vumbi. Sixbert alishuka wa kwanza, amemshika mkono Mzee Baltazar anayepapasa ngazi kwa mguu.

"Shikamoo, babu," Tadea alisema, akamshika upande wa pili.

"Marahaba. Tumefika kweli, au mnatuzungusha tena?"

"Mmefika, babu."

Sixbert hakumtazama Tadea usoni. "Nimewapata kumi na mmoja."

"Na Bibi Rosina?"

"Ameondoka alfajiri kwenda Lituhi kwa mwanawe. Amesema hasubiri gari mara mbili." Alijipangusa vumbi shingoni. "Jana jioni alikuwa bado yuko barabarani, dada."

Wagonjwa walipanga mstari kuelekea mlango wa ukumbi wa madaktari, kila mmoja ameshika bega la mwenzake. Tadea alisimama kando ya gari, mkono ukiwa bado juu ya mlango uliofunguka. Vitalia alipanda ngazi ya gari na kuchungulia ndani.

"Mama, viti vingine havina watu."