Jina Tuliloandikisha Wawili

Msinione nimekaa kimya mkadhani nimepoa. Nina hasira mpaka leo, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Kazi yangu ni kuchapa kadi za harusi. Nina nusu ya chumba. Nusu nyingine ni ya dada yangu, mshonaji wa magauni ya maharusi. Katikati kuna pazia. Zamani halikuwapo. Nililitundika miaka minne iliyopita, wiki ile mchumba wangu aliponiacha akaoa mwingine, na gauni la huyo mwingine akalishona nani? Dada yangu, wa tumbo moja! Lulu za gauni hilo zilipomwagika sakafuni nilipiga magoti nikamsaidia kuokota, sijui hata ni za nani. Nilipokuja kujua nikamuuliza, akanijibu, "Kazi ni kazi, mdogo wangu. Nisingeshona mimi, angeshona mwingine."

Nikanunua kitambaa, nikapigilia misumari kwa mkono wangu. Tangu siku hiyo sikumwamkia tena. Amenizidi miaka sita, na kwetu mdogo ndiye anayeanza salamu. Mimi nisipoanza, hakuna wa kuanza. Basi tukabaki kusikiana tu. Yeye anasikia printa yangu, mimi nasikia cherehani yake.

Sasa, kabla ya pazia tulikuwa na mipango ya duka moja kubwa, kadi na magauni pamoja, na tuliandikisha jina la tovuti. Neno moja tupu, harusi, kisha nukta na herufi mbili za nchi. Enzi hizo hakuna aliyelitaka. Kwenye fomu tukajaza namba yangu ya simu na barua pepe ya dada. Tovuti yenyewe hatukuwahi kuitengeneza, na mimi nililisahau jina lile kabisa mpaka siku simu ilipolia.

Aliyepiga alikuwa na sauti laini, kama mtu anayeomba msamaha kabla hajakosa. Nikamwita Mpole. Kampuni yake ilitaka kufungua tovuti ya watu wanaotafuta kumbi, wapishi na wapiga picha, na ilikuwa inalitaka jina letu. Akataja bei, bei ya pikipiki kuukuu.

"Kaka," nikamwambia, "umenipigia mimi au umekosea namba?"

Tulivutana wiki mbili. Kila akipiga nilisogea karibu na pazia nikapaza sauti. Acha asikie! Asikie mdogo wake anavyojua kupigania bei. Mpole aliongeza kidogo, nikaguna. Akaongeza tena, nikamwambia nina wateja wengine, uongo mtupu. Mwishowe tukafika bei ya chumba cha biashara ng'ambo ya barabara, chenye choo chake na mlango wake. Chumba hicho nilikuwa nimeshakwenda kukiangalia mara tatu. Nilikuwa nimeshapanga printa ikae wapi. Nilichotaka ni kimoja tu duniani: mlango wangu mwenyewe, nisiisikie tena cherehani ile.

Mnataka kujua kama nilipanga kumgawia dada? Sikupanga.

Jumatatu Mpole akanipigia. "Namba ya siri ya kuhamishia jina imetumwa kwenye ile barua pepe mliyojiandikishia. Nitumie kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi. Wakubwa zangu wana jina la pili mezani."

Barua pepe ya dada. Hatua nne kutoka kiti changu, na pazia.

Ningeweza kuinuka. Badala yake nikakaa nikamwandikia kwenye barua pepe hiyo hiyo: "Kuna namba imekuja kwako. Itume." Basi. Hakuna hujambo, hakuna dada. Hata anayekuja kuomba chumvi huanza na hodi, lakini mimi nilijiona mjanja. Nikasikia simu yake ikitoa mlio mmoja upande wa pili. Cherehani ikanyamaza kidogo, kisha ikaendelea.

Jumanne, kimya. Jumatano nikakohoa. Naye akakohoa. Alhamisi nikamwambia mteja wangu kwa sauti kubwa, "Kuna watu wanapenda kukalia vitu vya wenzao!" Maskini ya Mungu, mteja akashtuka, akauliza kama kadi zake zimechelewa.

Ijumaa, saa nne kasoro robo, nilisimama nikashika pazia. Neno moja tu lilitakiwa. Nikafungua mdomo, nikaziona zile lulu sakafuni, nikajiona nimepiga magoti naziokota. Mkono ukashuka wenyewe. Nikajiambia, ataileta. Pesa haina dada wala mdogo, ataileta tu.

Saa nne na dakika kumi Mpole akapiga. "Samahani sana, dada. Wakubwa wamechukua lile la pili, ndoa. Mwenye nalo alituma namba siku ile ile."

"Nipe saa moja! Nipunguzie bei, nipe nusu!"

"Samahani sana," akasema, akakata kwa upole wake ule ule.

Pazia likafunguka. Dada alikuwa amesimama pale, na mimi kwa mara ya kwanza nikaona kwamba siku hizi anavaa miwani ya kusomea. Kwenye kifundo cha mkono alikuwa na kile kimto chake cha kuchomekea pini, na kwenye pini moja kulikuwa na kipande cha karatasi.

"Namba hii hapa," akasema. "Ninayo tangu Jumatatu."

"Sasa ulikuwa unasubiri nini?" nikafoka. Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza kwake kwa miaka minne.

"Uniamkie."

"Salamu! Umenikosesha duka kwa ajili ya salamu!"

"Duka lako," akasema taratibu. "Na hilo jina, kila mwaka nani analilipia? Ulidhani linaishi kwa hewa?"

Wallahi sikuwahi kujiuliza. Miaka minne ankara zilikuwa zinakwenda kwake, naye analipa bila kumwambia mtu.

"Ulilipia kwa nini?"

"Kwa sababu ni letu." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo yake. "Lile gauni nilikosea. Nilijua tangu siku ile ile. Nikasema, asubuhi moja ataniamkia, na mimi hapo hapo nitamwomba radhi. Kila asubuhi nasikia unafungua mlango, naiweka kazi chini, nasubiri."

Akaitoa ile karatasi, akaichomeka kwa pini kwenye rundo la kadi mezani kwangu, akarudi kwake. Pazia likashuka.

Nilikaa naitazama ile namba. Ameiandika kwa kalamu ya risasi, kama anavyoandika vipimo vya wateja, na chini yake amepiga mstari.

"Shikamoo, dada," nikasema.

Cherehani ilikuwa imeshaanza kulia. Sijui kama alinisikia. Na mimi, kwa kiburi changu hiki hiki, sikurudia.