Kinanda cha Kaka

Fundi redio aliitwa Bisibisi, jina alilobandikwa na kaka yake kwa ajili ya wembamba wake. Siku hizi alikuwa amejaa kidogo, lakini jina lilikataa kuondoka. Aliyeondoka ni kaka mwenyewe. Alikwenda ng'ambo kupiga muziki, akaandika barua mbili, kisha kimya. Huu ulikuwa mwaka wa kumi na tisa.

Kinanda chake cha umeme kilibaki chini ya kitanda cha mama yao, kimefungwa kwa shuka. Siku moja mama akakiburuta mpaka sebuleni.

"Nitengenezee."

"Mama, hata kikipona hakijipigi chenyewe."

"Nimekuambia kijipige? Nataka nikisikie tu."

Bisibisi akakipeleka karakana, akakifungua. Ndani mlikuwa na vibao vitatu vya saketi. Kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, zilikuwa zimevimba na kuvuja, na uchafu wake umekula njia za shaba hata zikawa za kijani. Akasugua kwa mswaki na spiriti, akang'oa kapasita moja moja na kuweka mpya. Njia zilipokatika, akaunga kwa nyaya nyembamba kama unywele. Siku tisa zikapita. Wateja wakinung'unika, aliwajibu kwamba redio zao zimezoea kusubiri.

Kibao cha tatu kilimsimamisha. Kwenye kona palikuwa na risasi ya kulehemu iliyowekwa na mtu asiyejua kazi, donge kubwa kama punje ya hindi. Alilijua. Siku moja kinanda kilipoharibika, kaka alimsukuma pembeni, "Hebu nipishe, daktari," akalehemu mwenyewe, akaunguza kidole, akakinyonya huku akicheka.

Fundi yeyote angeliyeyusha donge lile na kuanza upya. Bisibisi alilipima kwa mita, umeme ulipita. Akaliacha. Akakaa, chuma cha kulehemu kikipoa mbele yake, mpaka mtu mlangoni akapiga hodi mara ya pili.

Jumamosi asubuhi alikirudisha nyumbani, akakiunganisha na spika, akabonyeza. Sauti ikatoka nene, lakini ikawa inapanda na kushuka, haitulii.

"Bado," alisema, uso umemshuka. "Kuna mahali nimekosea."

"Hujakosea. Kikiwa baridi kilikuwa hivyo hivyo. Kila asubuhi kaka yako alikiwasha kwanza, ndipo akaenda kuoga. Akirudi, kimetulia."

Bisibisi hakulijua hilo. Asubuhi zote zile yeye alikuwa shuleni.

Wakaketi kungoja kipate joto. Wote wawili walijikuta wakitazama upande wa bafu.

Baadaye mama akabonyeza kitufe kimoja. Sauti ikasimama wima, haikutetereka. Akaishikilia mpaka kidole kikachoka.

"Nipigie chochote," alisema.

"Mama, mimi najua kutengeneza tu."

"Basi nishikie hiki, nami nitafute kinachofuata."

Bisibisi akaweka kidole pale kilipotoka cha mama.