Ukuta wa Mama Joyce

Asubuhi ya baraza Dorika alivaa kitenge, akakivua, akavaa kingine. Chai ikapoa mezani. Moyo ulikataa kabisa kutulia, na kisa chenyewe kilikuwa ukutani kwake.

Yeye, diwani wa Nangara, ndiye aliyepeleka hoja ile: matangazo ya petroli, jenereta na magari makubwa yaondolewe kwenye mabango na kuta zote za barabarani mjini Babati. Mafuriko yamezoa mahindi ya kule Mutuka, ukame ukamalizia maharage, halafu bado tunausifia moshi? Jamani! Nusu ya wenzake walimuunga mkono, nusu wakamcheka. Kura moja tu ingeamua. Na ukuta wa nyumba yake, unaotazama barabara kuu, ulikuwa na picha ya tangazo, jenereta nyekundu kubwa kama ng'ombe, kazi ya mumewe Sylvanus, mchoraji.

"Baba Joyce, nakusihi, ifute," alisema tena mlangoni.

"Nifute mkate wetu? Na ndiyo picha yangu nzuri kuliko zote! Watu wanasimama kuitazama."

"Haya, baki na jenereta yako."

Akaondoka kwa miguu, amefura.

Ukumbini hakukalika. Kila Ludovick, mpinzani mkubwa wa hoja, alipofungua mdomo, Dorika alidhani ukuta unatajwa. Wala haukutajwa. Angenyamaza tu, akapiga kura, wakashinda. Nani angemuuliza? Lakini kanuni aliijua: diwani mwenye maslahi katika hoja huyasema, kisha hutoka nje.

Akasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, nyumbani kwangu kuna tangazo la jenereta, na tunalipwa."

Akatoka. Nje alizunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka aliposikia vigelegele vya upande wa Ludovick. Kura zilifungana, na mwenyekiti akaamua: hoja imekataliwa. Ya kwake ingetosha. Roho ilimuuma mno.

Hapo ndipo Sylvanus alipoingia getini akihema, chokaa imemjaa mpaka viwikoni.

"Mama Joyce! Nimeipaka chokaa yote, haionekani hata kidogo! Wameshapiga kura?"

"Wameshapiga. Nilitoka nje kwa ajili ya ukuta wetu. Tumeshindwa."

Sylvanus akaitazama mikono yake. "Kwa hiyo nimeifuta bure?"

Dorika alitaka kumgombeza, machozi yakamwahi. Akaushika mkono ule wenye chokaa.

"Si bure, mume wangu. Nikiirudisha hoja hii, sitoki tena."